Kutegua si Kukumbuka: Uhakiki wa Hoja ya Vitendawili kama Nyenzo ya Kukuza Msamiati na Mantiki kwa Watoto Wadogo wa Getanuwas, Wilaya za Mbulu na Hanang

Ikisiri

Kauli kwamba vitendawili hukuza msamiati na uwezo wa kufikiri wa mtoto imezoeleka katika uhakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili kiasi kwamba hutolewa bila ushahidi. Makala haya yanaihakiki kauli hiyo kwa kuipima katika muktadha wa watoto wa elimu ya awali na darasa la kwanza wa Getanuwas na maeneo jirani ya Mbulu na Hanang, ambao wengi wao hukutana na Kiswahili kwa kina wakiwa shuleni. Hoja kuu ni kwamba kitendawili kinachofundishwa kama swali lenye jibu moja la kukariri hakikuzi mantiki, bali huificha. Kinachokuza mantiki ni tendo la kulitetea jibu. Aidha, makala yanaonesha kwamba msamiati wa mantiki haukai hasa katika nomino ambazo shule huzihimiza, bali katika viunganishi, ukanushi na upatanisho wa kisarufi. Hatimaye, makala yanapendekeza kigezo kimoja cha kuhakiki ufundishaji wa vitendawili: je, mtoto amepewa nafasi ya kusema kwa nini?

1.0 Utangulizi

Kata ya Getanuwas imo katika wilaya ya Hanang, mkoani Manyara. Ukanda wa Mbulu na Hanang ni miongoni mwa sehemu chache barani Afrika ambako lugha zisizo na uhusiano wa karibu wa kinasaba zimeishi ubavu kwa ubavu kwa vizazi vingi. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, Kidatooga ni lugha ya Kiniloti, Kinyaturu na Kinyiramba ni lugha za Kibantu, na upande wa Yaeda wilayani Mbulu wapo Wahadza, ambao lugha yao haijathibitishwa kuwa na ndugu yeyote. Mtoto wa ukanda huu huweza kukua akisikia lugha mbili au tatu nyumbani, kisimani na mnadani kabla hajafikisha umri wa kwenda shule.

Akifika shuleni, hukutana na lugha moja. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliweka Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika elimu ya awali na ya msingi, na msimamo huo umeendelea kwa shule za umma hadi leo. Sera ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, na tangu Januari 2016 elimumsingi hutolewa bila ada katika shule za umma. Kuanzia mwaka 2015, mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulielekezwa katika stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, maarufu kama KKK. Hatua hizi zimewaingiza darasani watoto wengi wa wafugaji na wakulima ambao wazazi wao hawakupata nafasi hiyo. Ndiyo maana swali la namna ya kuwafundisha haliwezi tena kuahirishwa. Mtoto amekwisha kuingia darasani, na kilichobaki ni kujua anachokipata humo.

Vitendawili huchukuliwa kuwa sehemu ya jibu. Huonekana katika vitabu vya kiada, katika vipindi vya redio vya watoto na katika mapendekezo ya tasnifu nyingi za fasihi simulizi. Sababu inayotolewa karibu kila mara ni ile ile: vitendawili huburudisha, huongeza msamiati na hunoa bongo. Makala haya hayakusudii kuvikana vitendawili. Yanakusudia kuichunguza sababu hiyo, kwa kuwa sababu isiyochunguzwa huzaa ufundishaji usiochunguzwa.

2.0 Hoja Iliyozoeleka na Udhaifu Wake

Mulokozi (1989), katika uainishaji wake wa tanzu za fasihi simulizi, anakiweka kitendawili katika kundi la semi, pamoja na methali, mafumbo na misimu. Uainishaji huo umewasaidia wahakiki kukiona kitendawili kama tungo fupi yenye sitiari inayotegwa na kuteguliwa. Hata hivyo, wahakiki waliofuata mara nyingi wameruka kutoka katika umbo hadi katika dhima bila kupita katika utendaji. Kwa kuwa umbo la kitendawili ni la fumbo, huhitimishwa kwamba anayekishiriki hufumbua. Hitimisho hilo halifuati. Kuwepo kwa kufuli hakuthibitishi kwamba kila anayeingia amefungua. Huenda aliyetangulia aliuacha mlango wazi.

Ushahidi kutoka kwingineko barani Afrika unaunga mkono tahadhari hii. Blacking (1961), akiandika kuhusu watoto wa Kivenda wa Afrika Kusini, alibainisha kuwa vitendawili vyao vilijulikana pamoja na majibu yake na kwamba watoto walivibadilishana kama mali. Aliyejua vingi alisifiwa kwa kuvijua, si kwa kuvikokotoa. Finnegan (1970) naye alitahadharisha kwamba kitendawili cha Kiafrika, ambacho mara nyingi huwa kauli badala ya swali, hakipaswi kuchukuliwa moja kwa moja kuwa mtihani wa akili. Desturi ya Kiswahili yenyewe inalikiri jambo hili. Hadhira ikishindwa, mtegaji hudai apewe mji, na baada ya kupewa hutoa jibu. Hadhira hailazimiki kulihoji jibu hilo, na mara ijayo italitoa kwa haraka.

Kwa hiyo, katika utendaji wa kawaida kuna vitendo viwili tofauti ambavyo uhakiki umevichanganya. Kitendo cha kwanza ni kukumbuka: mtoto anasikia kauli na kuitoa pacha yake. Kitendo cha pili ni kukisia: mtoto ambaye hajawahi kuisikia kauli hiyo anazipima sifa zilizotajwa na kutafuta kitu kinachozitimiza. Kitendo cha kwanza hujenga kumbukumbu na ushirika, mambo ambayo yana thamani yake. Ni kitendo cha pili tu kinachohusiana na mantiki. Darasa ambalo mwalimu anatega na watoto arobaini wanaitika jibu kwa sauti moja ni darasa la kitendo cha kwanza, hata kama andalio la somo limeandika kwamba lengo ni kukuza fikra.

3.0 Msamiati: Nanasi Lisiloonekana

Kitendawili "Kuku wangu katagia mibani" kinafaa kuwa mfano. Jibu lake ni nanasi. Kwa mtoto wa pwani au wa Geita, ambako mananasi hulimwa, sitiari hii ina msingi wa kuonekana: majani yenye miiba yanalizunguka tunda kama kiota kinavyolizunguka yai. Mtoto wa nyanda kavu za Hanang anaijua miiba vizuri kuliko watoto wengi, kwa sababu boma la ng'ombe huzungushiwa miiba. Anamjua kuku pia. Asichokijua ni mmea wa nanasi. Hata akilikuta tunda lenyewe gulioni Katesh, analikuta limekwisha kukatwa kutoka katika kiota chake.

Ukweli huu umetajwa na wengi kwa lugha ya "mazingira ya mtoto", na pendekezo la kawaida ni kubadili mifano: badala ya nanasi, awekewe mtama au ng'ombe. Pendekezo hilo ni zuri lakini halifiki mbali, kwa kuwa linadhani kwamba tatizo la msamiati ni tatizo la nomino. Mkusanyo wa Farsi (1958) wa vitendawili vya Zanzibar, sawa na mikusanyo mingine ya pwani, umejaa vitu vya pwani, na hilo halishangazi. Mtoto anaweza kufundishwa nomino ngeni kwa picha, kwa kitu halisi au kwa tafsiri ya neno moja. Ugumu ulio mkubwa zaidi umo katika maneno yasiyoweza kuchorwa.

Katika kitendawili "Ajenga ingawa hana mikono", ambacho jibu lake ni ndege, nomino pekee iliyotajwa ni mikono, na kila mtoto anaijua. Uzito wote wa kauli umebebwa na ingawa. Kiunganishi hiki hakielezi kitu. Kinaeleza uhusiano kati ya matarajio na hali halisi. Ili kukielewa, mtoto anahitaji kuongeza mwenyewe kauli tangulizi ambayo haikusemwa, kwamba wajengao kwa kawaida hutumia mikono. Kisha anahitaji kutambua kwamba kitu kinachotafutwa kinaivunja kanuni hiyo, na kwamba kuvunjwa kwake ndiko kunakokitambulisha. Mtoto asiyemiliki neno ingawa hubaki na vipande viwili vilivyolala kando kwa kando: kuna kitu kinachojenga, na hakina mikono. Anaweza bado kubahatisha ndege, lakini mantiki ya kitendawili imempita.

Maneno ya namna hii ni machache na yanajulikana: ingawa, isipokuwa, kwa hiyo, kama, wote, baadhi, wala, mpaka, badala ya. Ndiyo bawaba za fikra zinazosemwa. Hata hivyo, tathmini za awali za KKK hupima zaidi utambuzi wa sauti na silabi, pamoja na idadi ya maneno ambayo mtoto anayasoma kwa sauti katika dakika moja. Vipimo hivyo vina kazi yake, kwani asiyeweza kusoma neno hawezi kusoma hoja. Lakini shule hufundisha kile kinachopimwa. Mtoto anaweza kufaulu kusoma ingawa kwa kasi inayotakiwa na asijue kamwe kwamba neno hilo limemwomba afikiri.

4.0 Sarufi kama Dokezo na kama Mtego

Zaidi ya viunganishi, kitendawili cha Kiswahili hutumia upatanisho wa kisarufi kama dokezo. Katika "Ajenga ingawa hana mikono", kiambishi a- kinamwambia mzungumzaji wa Kiswahili kwamba kinachotafutwa ni kiumbe hai. Dokezo hilo ni la kweli: ndege ni kiumbe hai. Lakini katika "Kila niendapo ananifuata", ambacho jibu lake ni kivuli, kiambishi hicho hicho kinapotosha. Kivuli ni nomino ya ngeli ya KI-VI, na nje ya kitendawili kingesemwa kuwa kinanifuata. Mtegaji amekivika kivuli utu ili kumpoteza mteguaji. Raha ya kitendawili hiki kwa mtoto wa Kiswahili imo katika kugundua kwamba sarufi ilimdanganya kwa makusudi.

Raha hiyo inategemea mazoea ya ngeli. Kiiraqw, kama kilivyoelezwa na Mous (1993), hugawa nomino zake kwa jinsi, si kwa ngeli za Kibantu, na Kidatooga, kama lugha nyingine za Kiniloti ya Kusini zilizochunguzwa na Rottland (1982), kina mfumo wake tofauti wa kuonesha umoja na wingi. Mtoto anayezungumza lugha hizi ana sarufi kamili na tata kichwani mwake. Asichokuwa nacho bado ni hisi ya kwamba a- mahali hapa inapaswa kushangaza. Kwake, ananifuata na kinanifuata zinaweza kuwa namna mbili za kusema jambo moja. Hivyo anaweza kutoa jibu sahihi, kivuli, bila kuonja ule mtego, au kutoa jibu jingine, mbwa au ndama, ambalo linatii sarufi kuliko jibu la kitabu.

Jibu la mwisho linastahili kutafakariwa. Ndama aliyezoeshwa humfuata mchungaji wake. Mtoto akisema ndama, amezingatia kiambishi cha kiumbe hai na amezingatia kitenzi. Kilichomponyoka ni kila, kwa maana ndama hafuati kila mahali. Hulala, hufungwa, huuzwa. Mwalimu anayejibu "si sahihi" na kumgeukia mtoto mwingine amepoteza nafasi adimu ya kufundisha maana ya kila, ambayo ni mojawapo ya dhana za msingi za mantiki. Mwalimu anayeuliza "Je, usiku ukiwa umelala, ndama anakufuata?" ameifundisha dhana hiyo kwa sentensi moja.

5.0 Nyumba Isiyo na Mlango

Georges na Dundes (1963) walikieleza kitendawili kwa kuangalia muundo wake: kuna kinachozungumziwa na kinachosemwa juu yake, na mara nyingi vipengele hivyo hupingana. Hamnett (1967) alikwenda mbele zaidi kwa kudai kwamba kitendawili hukiweka kitu kimoja katika makundi mawili kwa wakati mmoja na hivyo kuyatikisa makundi yenyewe. Katika "Nyumba yangu haina mlango", yai linawekwa katika kundi la nyumba na papo hapo linanyimwa sifa ambayo nyumba haikosi.

Mantiki ya kitendawili hiki ina masharti mawili tu: kitu hicho kihifadhi kilichomo ndani, na kisiwe na mlango. Masharti mawili hayatoshi kuchagua kitu kimoja duniani. Yai linayatimiza. Boga linayatimiza. Kaburi pia linayatimiza. Kwa jamii ya Wadatooga jibu hili la tatu halijatoka mbali. Mzee mwenye heshima huzikwa katika bung'eda, kaburi linalojengwa na kuinuliwa kwa ushirikiano wa watu wengi katika sherehe ndefu, nalo hubaki likitambulika katika ardhi kama maskani yake. Mtoto aliyekulia karibu na bung'eda, akiulizwa ni nyumba gani isiyo na mlango, ana haki ya kimantiki na ya kitamaduni kutoa jibu hilo.

Uzito wa mfano huu unaongezwa na historia. Kuanzia miaka ya 1970, maelfu ya hekta za malisho ya Wabarabaig katika nyanda za Hanang zilichukuliwa kwa ajili ya mashamba ya ngano, na Lane (1996) ameeleza namna makaburi ya aina hiyo yalivyolimwa pamoja na ardhi. Darasa haliwezi kuirudisha ardhi. Linaweza, hata hivyo, kuepuka kuiambia sauti ya mtoto kwamba kitu alichokiona hakipo miongoni mwa majibu.

Hapa ndipo hasara ya jibu moja inapoonekana waziwazi. Mtoto aliyesema kaburi akaambiwa amekosea hajifunzi kwamba hoja yake ilikuwa na kasoro, kwa sababu haikuwa nayo. Anajifunza kwamba shuleni usahihi hautokani na hoja. Anajifunza kusubiri jibu la mwenye kitabu. Mtoto wa namna hii ndiye ambaye baadaye husemwa kuwa mkimya, mzito au asiyependa shule.

6.0 Mantiki Iliyo Nyumbani

Uhakiki huu ungekuwa pungufu kama ungeishia katika kudhani kwamba mantiki ni kitu ambacho shule inacho na nyumba haina. Makosa ya dhana hiyo yana historia ndefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Luria aliwauliza wakulima wa Uzbekistan swali kuhusu dubu: kaskazini ya mbali kwenye theluji dubu wote ni weupe, mahali fulani pako kaskazini ya mbali, dubu wa huko wana rangi gani? Baadhi yao walijibu kwamba hawajafika huko na hawawezi kusema juu ya wasichokiona. Luria aliona katika majibu hayo fikra iliyofungwa na mambo yanayoonekana. Wasomaji wa baadaye wameona pia kanuni ya ushahidi: mtu mwaminifu hashuhudii asichokiona. Uchunguzi wa Scribner na Cole (1981) miongoni mwa Wavai wa Liberia ulionesha kwamba kwenda shule kulihusiana hasa na uwezo wa kueleza kwa maneno sababu ya jibu. Donaldson (1978) naye alionesha kwamba watoto wadogo walioshindwa majaribio ya kimantiki walifaulu pale kazi ilipopewa nia wanayoweza kuielewa.

Katika nyumba za Getanuwas na Mbulu nia hizo zipo. Mtoto mchungaji anayetambua jioni kwamba ndama fulani hayupo, akakumbuka kwamba mara ya mwisho mama yake alikuwa karibu na korongo, na akahitimisha pa kumtafuta, ameunganisha kauli tangulizi na hitimisho. Msamiati anaoutumia kutofautisha mifugo kwa rangi, mabaka, pembe na umri ni mfumo wa uainishaji wenye vigezo vinavyokutana.

Upo pia mfano usiotajwa katika uhakiki wa vitendawili ingawa unafanana nao kwa undani. Mitchell (2015) amechunguza desturi ya wanawake wa Kidatooga walioolewa kuepuka majina ya wakwe zao, hasa baba mkwe, pamoja na maneno ya kawaida yanayofanana kisauti na majina hayo. Mwanamke hutumia neno mbadala. Maana yake ni kwamba mtoto hukua akisikia kitu kimoja kikiitwa kwa neno moja na mama yake na kwa neno jingine na watu wengine. Mapema kabisa anakutana na ukweli kwamba jina si kitu chenyewe, na kwamba kitu kinaweza kutajwa kwa njia ya kuzunguka. Kitendawili nacho ni sanaa ya kutaja bila kutaja. Desturi hii ina mipaka yake: ni ya wanawake watu wazima, imefungwa na heshima ya ndoa, na haifai kugeuzwa mchezo wa darasani. Lakini inatosha kukanusha dhana kwamba mtoto huyu anafika shuleni bila uzoefu wa lugha ya mafumbo. Vilevile, hadithi za Wairaqw zilizokusanywa na Kamera katika miaka ya 1970 zinathibitisha kwamba jamii hii ina hazina ya masimulizi ambayo darasa lingeweza kuitumia.

7.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni la kitaifa. Kiswahili kimewaunganisha Watanzania, na kufungua mlango wa lugha za jamii darasani kunaweza kuonekana kama kurudi nyuma. Pingamizi hili linastahili heshima. Mjadala wa lugha ya kufundishia nchini, ukiwemo ule wa mradi wa LOITASA ulioanza mwaka 2002, kwa sehemu kubwa umekuwa kati ya Kiswahili na Kiingereza, na watetezi wa Kiswahili walikuwa na sababu nzuri: mtoto hajifunzi vizuri kwa lugha asiyoielewa. Lakini sababu hiyo haiishii katika kidato cha kwanza. Ikiwa ni kweli kwa mwanafunzi wa sekondari mbele ya Kiingereza, ni kweli kwa mtoto wa miaka mitano wa Getanuwas mbele ya Kiswahili. Ni jambo lenye kufundisha kwamba Martha Qorro, mmoja wa watetezi mashuhuri wa Kiswahili katika mjadala huo, ni miongoni mwa watunzi wa kamusi ya Kiiraqw ya mwaka 2002. Kuipenda lugha moja hakukumzuia kuihudumia nyingine. Cummins (1979) alidai kwamba uwezo uliojengwa katika lugha ya kwanza huisaidia lugha ya pili. Dai hilo haliondoi wajibu wa kufundisha Kiswahili vizuri. Linaonesha tu pa kuanzia.

Pingamizi la pili ni la kiutendaji. Mwalimu aliyepangiwa kazi Hanang kutoka mkoa mwingine hajui Kidatooga, na darasa lake limejaa. Hili ni kweli, na pendekezo lolote linalodai mwalimu ajue lugha zote za darasa lake halitekelezeki. Hata hivyo, kuuliza "Kwa nini?" hakuhitaji Kidatooga. Kinachohitajika ni ruhusa: mtoto aeleze kwanza kwa lugha aliyonayo, mwenzake amsaidie kuisema kwa Kiswahili, na mwalimu awape wote kiunganishi wanachokihitaji. Kwa njia hiyo neno kwa sababu linaingia katika msamiati wa mtoto likiwa limebeba sababu yake mwenyewe. Ama kuhusu wingi wa watoto, kitendawili kimoja kinachojadiliwa kwa dakika ishirini kina faida kubwa kuliko kumi vinavyoitikiwa kwa pamoja.

Pingamizi la tatu ni la kifasihi, na ndilo zito zaidi. Kitendawili ni mali ya jamii, na jibu lake ni sehemu ya tungo. Anayeruhusu kila jibu amekivunja. Ukweli wa pingamizi hili ni kwamba jibu la jadi linapaswa kufundishwa. Mtoto anayejua yai kama jibu la jamii pana ya Waswahili ameingizwa katika ushirika wa lugha hiyo. Lakini kulijua jibu la jadi na kulipima jibu jipya ni kazi mbili ambazo hazigongani. Desturi yenyewe inakubali vitendawili vyenye majibu zaidi ya moja, na mikusanyo hutofautiana katika baadhi ya majibu. Aidha, si kila jibu linakubalika. Jibu jiwe kwa "Nyumba yangu haina mlango" halifai, kwa sababu jiwe halina ndani. Kulikataa jibu hilo kwa sababu hiyo ni somo la mantiki. Kulikataa kwa sababu halimo kitabuni ni somo la utii.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba kauli ya kuwa vitendawili hukuza msamiati na mantiki ni ya kweli kwa sharti, na sharti hilo kwa kawaida huachwa bila kutajwa. Vitendawili hukuza msamiati pale maneno yanayobeba uhusiano wa mawazo yanapofundishwa, si nomino peke yake. Hukuza mantiki pale jibu linapotetewa, linapolinganishwa na jingine na linapokataliwa kwa sababu inayosemwa. Bila sharti hilo, kitendawili ni zoezi la kumbukumbu katika lugha ambayo mtoto anaanza tu kuijua.

Kwa watafiti wa fasihi simulizi, matokeo ya hoja hii ni kwamba dhima ya utanzu haiwezi kusomwa kutoka katika umbo lake pekee. Inahitaji kuchunguzwa katika utendaji, na kwa watoto inahitaji kuchunguzwa katika majibu yasiyotarajiwa, ambayo wakusanyaji huyaacha nje ya daftari. Kwa waandaaji wa vitabu na miongozo ya walimu, inatosha kwamba chini ya kila kitendawili, kando ya jibu, pawepo swali la kuomba sababu, mfano wa jibu jingine linalotimiza masharti, na mfano wa jibu lisiloyatimiza pamoja na sababu ya kutoyatimiza.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Nyerere alidai kwamba elimu ya Tanzania imjengee mtoto akili ya kudadisi. Mtoto wa Getanuwas anayesema kwamba nyumba isiyo na mlango ni kaburi la babu yake anayo akili hiyo tayari. Kinachosubiriwa ni mtu mzima atakayemuuliza sababu, na akaisubiri mpaka imalizike kusemwa.